Madawati Hayafuti Vumbi: Dhana Potofu Kuhusu CSR

Kila meneja anayeniita ofisini kwake hapa Tanga huanza na swali lilelile: "Mwaka huu tuwape nini?" Tangu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lipangiwe kuishia Chongoleani, hapahapa Tanga, CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii, imekuwa midomoni mwa kila mtu, Raskazone hadi Pongwe, na swali halijabadilika hata neno moja. Nimechoka kulijibu mezani, acha nilijibu kwa maandishi, dhana moja baada ya nyingine.

"CSR ni kutoa msaada."

Hapana, na hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. Shughuli zenyewe nimeshazikariri: turubai, spika mbili, fulana zenye nembo, mwenyekiti wa mtaa kakaa mbele, mfano wa hundi ulio mpana kama mlango, na madawati yaliyopakwa vanishi asubuhi ileile, kiasi kwamba watoto wamekatazwa kuyakalia wasijechafua sare. Picha zikishapigwa, kila mtu kwake. Kesho yake malori ya kampuni hiyohiyo, yasiyofunikwa turubai, yanapita mbele ya shule na vumbi linatua juu ya madawati mapya. Kazi ilitakiwa ianzie hapo: mzigo ufunikwe, barabara imwagiwe maji, dereva apunguze mwendo.

Swali la CSR ni fedha umeipataje, kabla hatujafika kwenye umeigawaje. Archie Carroll, msomi wa biashara wa Marekani, aliuchora mpangilio huo kwa piramidi mwaka 1991: chini kabisa ni biashara kujiendesha kwa faida, juu yake kutii sheria, kisha maadili, na hisani kileleni. Wateja wangu wengi hutaka kuanza na kileleni.

Ndiyo maana mimi naanza kwa kuuliza mambo yasiyopendeza kwenye picha. Kibarua akipitisha saa 45 kwa wiki, analipwa ovataimu? Makato ya NSSF yanafika NSSF, au yanaishia kwenye karatasi ya mshahara? Wazabuni wadogo wanalipwa lini? Nimewahi kukaa na mama lishe aliyekuwa anaidai kampuni moja miezi mitatu ya chakula cha vibarua, huku kampuni hiyo ikijitangaza redioni kwa mifuko ya saruji iliyoipa zahanati. Kwa huyo mama, hiyo saruji imenunuliwa kwa hela yake.

Wapo pia wanaothubutu kuingiza fidia ya ardhi kwenye ripoti ya CSR. Fidia ni deni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mkulima aliyekatiwa minazi yake hajapewa zawadi na mtu.

Ushauri wangu ni uleule, na najua wengine wanaucheka: nunueni kaunta buku moja, mliite daftari la malalamiko. Lisikae getini kwa mlinzi, maana hapo hakuna atakayeandika kitu. Liwekeni ofisi ya serikali ya mtaa, safu nne tu: tarehe, lalamiko, nani kapewa kulishughulikia, na siku lilipomalizwa. Lisomeni kila mwezi kwenye kikao cha menejimenti. Litawaonyesha bajeti iende wapi kuliko mshauri yeyote, nikiwemo mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo.

"Hayo ni ya migodi ya dhahabu huko Kanda ya Ziwa."

Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae mpango wa CSR kila mwaka na akubaliane na halmashauri. Haikutaja dhahabu peke yake. Mawe ya chokaa nayo ni madini, na Tanga imeyakalia. Viwanda vya saruji vinayatumia, na mapango ya Amboni ni ya mawe hayohayo.

"Kusawazisha maslahi ya wadau ni kumridhisha kila mtu."

Haiwezekani. Chukua maji ya jiji letu. Yanatoka Mto Zigi, ambao unaanzia Usambara Mashariki, na yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa riba, ili kupanua huduma. Sasa hesabu wadau: mwenye hatifungani anataka riba yake tarehe ikifika, mama wa Ngamiani anataka bomba litoe na bili isipande, kiwanda kinataka presha usiku na mchana, mkulima wa juu, huko mto unakoanzia, anataka alime hadi ukingoni, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huwezi kuwapa wote wanachotaka. Unapima nani ataumia zaidi na hana pa kukimbilia, nani ana haki kisheria, kisha unaamua, na aliyekosa unamwambia wazi kwa nini amekosa. Nionavyo, kwa kawaida anasikilizwa mwenye namba ya simu ya mkurugenzi. Mkulima wa juu hata kwenye orodha hayumo kwa sababu si mteja, wakati udongo wa shamba lake ndio unaoishia bwawani.

"Milton Friedman alisema kazi ya kampuni ni faida tu."

Hili naletewa na vijana waliotoka kusoma MBA. Wasome hadi mwisho wa sentensi: makala ya mchumi huyo wa Marekani ya 1970 iliweka sharti la kufuata sheria na desturi za kimaadili za jamii. Halafu wafungue Sheria ya Makampuni ya 2002, ambayo inawataka wakurugenzi wazingatie pia maslahi ya wafanyakazi.

"Tumelipa ushuru wa huduma, tumemaliza."

Ushuru ni lazima. Risiti yake haikuruhusu kutiririsha maji machafu baharini.

"Tutafutie cheti cha ISO 26000."

Hakipo. Tangu utoke mwaka 2010 huo ni mwongozo wa kimataifa wa wajibu kwa jamii, na wenyewe unasema hautolewi cheti. Akija mtu kukuuzia, mwite mhasibu wako azuie malipo.