Kamil Glik, beki wa kati asiye na mbio

Kila msimu nikipokea vijana wapya wa namba nne na namba tano, yaani mabeki wa kati, hakosi mmoja mwenye unyonge. Anaruka vizuri, anakaba, haogopi mtu, ila mbio hana. Keshaambiwa na makocha wawili watatu kwamba soka la siku hizi si lake. Huyo ndiye ninayemkalisha mbele ya kompyuta na kumwonyesha mechi za Kamil Glik wa Poland. Nimefundisha mabeki miaka 15 sasa, na sijapata mchezaji mwingine anayenirahisishia kazi hii kama yeye.

Glik alizaliwa tarehe 3 Februari 1988 huko Jastrzębie-Zdrój, mji wa migodi ya makaa ya mawe katika jimbo la Silesia, kusini mwa Poland. Ujana wake ulizungukazunguka. Alipitia klabu ya Wodzisław Śląski, akavuka hadi Hispania kwenye klabu ndogo ya Horadada, kisha akaingia Real Madrid, lakini kwenye kikosi C, timu ya tatu ya klabu. Mwaka 2008 akarudi kwao na kujiunga na Piast Gliwice. Hapo ndipo alipokomaa, kila wiki akigombana na washambuliaji watu wazima. Palermo ya Italia ikamchukua 2010, akakaa nusu msimu bila kugusa hata mechi moja ya Serie A, ligi kuu ya huko. Januari 2011 akatolewa kwa mkopo Bari, timu iliyokuwa inazama, na kweli ikashuka daraja.

Ukiishia hapo utasema usajili ule ulibuma. Lakini kocha aliyemkuta Bari alikuwa Giampiero Ventura, na Ventura alipokabidhiwa Torino kiangazi cha mwaka huohuo, akamwita Glik. Torino ilikuwa Serie B, daraja la pili. Mwaka 2012 ikapanda, na 2013 Glik akavishwa kitambaa cha unahodha.

Nini alichokiona Ventura? Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndiyo kazi yangu.

Mtazame Glik pale kiungo wa timu pinzani anapopata mpira bila kubanwa. Pasi bado haijapigwa, yeye keshaanza kurudi hatua mbili tatu. Mwili ameuweka ubavu, mguu mmoja nyuma, hajasimama kifua wazi mbele ya straika. Mpira mrefu ukipigwa nyuma yake, hana haja ya kugeuka kwanza ndipo akimbie, anaondoka tu. Vijana wengi wanaodai wameachwa kwa mbio, ukirudisha video nyuma utaona wameachwa wakati wa kugeuka. Pili, mkono. Glik huweka mkono wake mgongoni au kiunoni mwa mshambuliaji, bila kumvuta jezi, ajue tu mtu wake yuko wapi huku macho yakibaki kwenye mpira. Tatu, mdomo. Hanyamazi. Anampanga beki wa pembeni, anamwita kiungo arudi, anapandisha mstari wote kwa sauti moja. Beki asiye na mbio akiwa pia bubu, amekwisha.

Katika mfumo wa Ventura wa 3-5-2, wenye mabeki watatu wa kati, Maksimović alikuwa kulia, Moretti kushoto, Glik katikati. Wale wawili walitoka kuwafuata washambuliaji waliokimbilia pembeni, yeye akabaki kwenye eneo lake kuondoa krosi. Mfumo ulimficha udhaifu na kuweka nguvu zake hadharani, na kocha mwenye akili hufanya hivyo kwa kila mchezaji wake.

Simpambi kupita kiasi. Alikuwa mgumu, na mara nyingine ugumu ulimponza. Kwenye dabi ya Turin ya Desemba 2012, Torino na jirani zao Juventus, alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza kwa kumchezea rafu Giaccherini wa Juventus, na Juventus ikashinda 3-0. Watoto ninawaonyesha na hilo pia.

Unahodha wa Torino una uzito ambao ni vigumu kuueleza kwa mtu asiyejua historia ya klabu ile. Tarehe 4 Mei 1949 ndege iliyokuwa ikiirudisha timu kutoka Lisbon, ilikokwenda kucheza na Benfica, iligonga ukuta wa kanisa kuu juu ya kilima cha Superga. Watu 31 walikufa, wakiwemo wachezaji 18 wa timu iliyokuwa bora kuliko zote Italia. Kila mwaka, siku hiyo, watu hupanda kilimani, na nahodha husoma majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine. Glik, mtoto wa mji wa migodi kutoka nchi nyingine, ndiye aliyesimama pale akayasoma. Nimeitazama video ile mara nyingi. Anasoma taratibu, uso haucheki, anatamka kila jina kama la ndugu yake. Mashabiki wa Torino walimpenda kwa vichwa vyake na kwa miguu yake isiyorudi nyuma, ila naamini siku zile za Superga ndizo zilizomfanya awe wao.

Msimu wa 2014-15 alifunga mabao 7 ya ligi. Kwa beki wa kati hiyo ni hesabu ya mshambuliaji wa akiba. Siri ya vichwa vyake si urefu peke yake. Kwenye kona huwa hasimami golini kusubiri, anaanza mbali, anamwacha beki anayemkaba amwangalie kipa na mpira, kisha anakuja kwa kuchelewa, akiruka huku anasonga mbele. Bao la Oktoba 17, 2012 dhidi ya England mjini Warsaw ni somo kamili. Mechi ilikuwa imeahirishwa kwa siku moja kwa sababu mvua iliujaza uwanja maji huku paa likiwa wazi. Rooney wa England alitangulia kufunga, kipindi cha pili Obraniak wa Poland akapiga kona, kipa Joe Hart akatoka akaukosa mpira, Glik akaujaza wavuni kwa kichwa. Sare 1-1.

Mwaka 2016 akahamia Monaco, na hapo niliogopa kwa niaba yake. Timu ya Leonardo Jardim iliwapandisha mabeki wote wa pembeni, Sidibé na Mendy, ikamwachia Glik na Jemerson uwanja mpana nyuma. Ikafunga mabao 107 kwenye ligi, ikachukua ubingwa wa Ufaransa na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Mbele yake walisimama viungo Fabinho na Bakayoko, na ile tabia ya kurudi mapema ikamsaidia kuliko wakati wowote. Septemba, kwenye Ligi ya Mabingwa, alisawazisha dhidi ya Leverkusen ya Ujerumani dakika za nyongeza kwa shuti la mbali, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake. Nusu fainali, Juventus iliwaumiza: krosi na pasi za Dani Alves, mabao mawili ya Higuaín. Mechi ya marudiano Glik alimkanyaga Higuaín gotini. Hapo simtetei.

Timu ya taifa aliichezea mechi 103. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, aliumia bega kambini Arłamów akijaribu tiktaka mazoezini. Wengi walidhani safari imekwisha, lakini alikwenda Urusi, akaingia mwishoni dhidi ya Colombia, kisha akaanza dhidi ya Japan, mechi pekee Poland iliyoshinda. Baada ya Monaco alikwenda Benevento, na 2023 akarudi nyumbani kuichezea Cracovia.

Ukitaka kuanza kumsoma, tafuta Poland na Ujerumani ya Juni 16, 2016 pale Saint-Denis, suluhu ya Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya. Kwenye mashindano yale Poland ilicheza mechi tano na kuruhusu mabao mawili tu kabla ya penalti za Ureno kuitoa, Glik na Michał Pazdan wakiwa katikati. Ujerumani ilianza na Götze mbele, mshambuliaji anayeshuka kuchukua mpira. Angalia Glik anavyokataa kumfuata, anamwachia kiungo Krychowiak, anabaki kwenye mstari. Baadaye anaingia Mario Gomez, straika wa kugombania mipira ya juu, na Glik anabadilika palepale: anamsogelea, anamgusa mgongo. Usiutazame mpira. Mtazame yeye, sekunde tatu kabla mpira haujafika.