Kielezi kutangulia si ruhusa ya kupindua sentensi

Juzi kijana mmoja wa hapa Wete aliniletea barua yake ya kuomba kazi niipitie. Mstari wa kwanza: "Yesterday did I see your advertisement." Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo did imefuata nini hapo?" Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, skuli tumeambiwa kielezi kikitangulia, kitenzi kisaidizi, kama did au have, kinapanda mbele ya kiima. Ndiyo Kiingereza cha juu." Huyu ni wa tatu mwezi huu.

Hapana. "Yesterday I saw", basi. Kinachokiita kisaidizi mbele ni ukanushi: never, seldom, hardly, not only, under no circumstances. "Never have I seen such cloves."

Wala si kila ukanushi, na hapa ndipo panaponiuma, maana vitini vingi vinapapita mbio. Tazama boti hizi mbili: "In no time the boat reached Mkoani" na "At no time did the boat reach Mkoani." Zote zina no mwanzoni. Ya kwanza imefika, tena upesi, abiria wanashuka na mizigo yao. Ya pili haikufika katu. No ya kwanza imejifungia ndani ya kirai chake, yaani fungu lake la maneno, inapunguza muda tu, kitenzi haikukigusa. Ya pili imekishika kitenzi. Mimi huwaambia wanafunzi waiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza. Ukisema "haikufika", pindua. Ukisema "ilifika mara moja", iache ilivyo.

Only nayo ipime kwa "mpaka". "Only when the rain stopped did we leave": hatukuondoka mpaka mvua ilipokatika. Angalia kilichopinduliwa ni kuondoka, si mvua. Wengi huandika "Only when did the rain stop we left", wakakipindua kishazi kisichohusika. Tena "Only last week I met him" ni kwamba nimekutana naye juzijuzi tu, lakini "Only last week did I meet him" ni kwamba kabla ya hapo sikuwahi. Hapa nakiri huwa nasita. Zote mbili nimezikuta kwa waandishi wazuri, na mara nyengine siwezi kuapa ipi ilikusudiwa.

"Had I known" na "Should you need" ni if iliyoondoka, kisaidizi kikakaa pahala pake. Ukikanusha, andika "Had I not known", usiandike "Hadn't I known".

Linalonisikitisha zaidi ni kuambiwa eti kupindua ni kugeni kwetu. Sote tunasema "kitabu alichonunua Asha". Ukisema "kitabu Asha alichonunua", mtoto yeyote barazani atakutazama. Na "mlangoni wamesimama watu wawili" ni sawasawa na "At the door stand two men": kitenzi chenyewe kimetangulia, did haina kazi, na upatanisho unafuata watu. Sisi tuna na njia ya pili, "mlangoni pamesimama watu wawili", kitenzi kikapafuata hapo mlangoni. Kiingereza hakina hiyo.

Barua tuliianza upya: "I saw your advertisement yesterday." Kupindua tukakubakisha pahala pamoja tu, kwenye aya inayoeleza miaka yake ya skuli: "At no time was I late."