Aliyekosa mtihani akapata A: dhana potofu kuhusu IF na rangi za seli kwenye Excel

Kuna mwaka nilipewa kazi ya kuchakata matokeo ya muhula, wanafunzi arobaini na watano. Nikaandika fomula ya IF, ile inayouliza swali na kutoa jibu moja ikiwa ndiyo na jingine ikiwa hapana, nikaiburuta mpaka chini, nikapaka rangi, nikachapisha, mkeka ukabandikwa ubaoni. Saa ya mapumziko nakuta wanafunzi wamejazana pale wanacheka. Mwenzao aliyekuwa msibani wiki nzima ya mtihani, ambaye kwenye safu ya Fizikia nilimwandikia ABS (yaani hakuwepo), alikuwa na A. Mwalimu wa taaluma hakusema neno. Aliibandua tu ile karatasi akanikabidhi.

Tangu hapo wenzangu huniletea mafaili yao niyakague kabla hayajachapishwa, na makosa ninayoyakuta yana mzizi mmoja: sisi tunasoma kinachoonekana kwenye seli, fomula inasoma kilichomo. Mifano yangu inatumia madaraja ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ya kidato cha nne: A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, F ni chini ya hapo.

Dhana: IF ikikuta neno badala ya namba, italiruka

Hairuki. Excel ina mpangilio wake wa nani mkubwa kuliko nani: namba zote ni ndogo kuliko maandishi yote, na maandishi yote ni madogo kuliko TRUE na FALSE. Ukiiuliza kama ABS ni kubwa kuliko au sawa na 75, inakujibu ndiyo, bila kusita. Fomula yangu ilikuwa hii, ambayo utaikuta kwenye mafaili mengi ya shule:

=IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F"))))

Swali la kwanza tu, ABS imeshapita. Na si ABS peke yake. Mwalimu akiandika 4O kwa herufi O badala ya sifuri, mtoto wa arobaini anapata A. Namba iliyotanguliwa na alama ya ritifaa ('), au iliyonakiliwa kutoka mahali ikaja kama maandishi, nayo ni hivyo hivyo.

Excel huwa inakupa dokezo: usipogusa mpangilio, namba hukaa kulia mwa seli na maandishi hukaa kushoto. Sasa sisi kitu cha kwanza tunachofanya ili jedwali lipendeze ni nini? Tunaweka kila kitu katikati. Dokezo limekwenda. Mimi siku hizi siweki kitu katikati mpaka hesabu zote ziwe zimekamilika.

Kinachozidi kuchanganya ni kwamba fomula nyingine zina tabia tofauti. AVERAGE ya C2:E2 huyaacha maandishi kando, kwa hiyo mwenye 4O anapigiwa wastani wa masomo mawili badala ya matatu. COUNTIF, inayohesabu seli zinazotimiza sharti, ukiipa ">=45" nayo haiyahesabu. Ukijumlisha kwa C2+D2+E2 na mojawapo ni ABS, unapata #VALUE!. Neno lile lile, majibu matatu, na la IF ndilo baya kuliko yote kwa sababu halipigi kelele.

Seli tupu ni kinyume chake: IF huihesabu kuwa sifuri. Aliyehama shule tangu mwezi wa pili anaonekana amepata F.

Dhana: ukipunguza desimali, namba imebadilika

Hili lilimleta mzazi ofisini. Mwanawe ana wastani wa 45 na D, jirani yake ana 45 na C, na yote yamechapishwa kwenye karatasi moja. Mzazi alikuwa na haki ya kuuliza.

Alama za yule mtoto zilikuwa 41, 47 na 46. Jumla 134, gawanya kwa tatu, unapata 44.67. Mtu alibofya kitufe cha kupunguza desimali mara mbili na seli ikaonyesha 45, lakini ndani mle bado ni 44.67, na IF ilipouliza kama inafika 45 ikajibiwa haifiki. Kitufe kile hubadilisha sura tu. Ukitaka namba yenyewe ibadilike, andika =ROUND(AVERAGE(C2:E2),0), ndipo IF ya mbele itaiona 45 kamili.

Ila angalia: kuamua kwamba 44.67 ipande kuwa 45 ni jambo la kikao cha walimu. Nimeona shule inayopandisha na shule inayokata, na zote zina sababu zao. Kisichofaa ni uamuzi huo kufanywa na mtu aliyetaka tu safu iwe nyembamba itoshe kwenye A4.

Asilimia nazo zimo humu humu. Seli inayoonyesha 10% ina 0.1 ndani, kwa hiyo IF inayouliza kama imezidi 10 itajibiwa hapana milele.

Dhana: 9/10 ni alama

Kwako ni alama, kwa Excel ni tarehe. Kompyuta iliyowekewa mtindo wetu wa siku kwanza, mwezi baadaye, itaisoma kuwa 9 Oktoba ya mwaka huo. Na tarehe ndani ya Excel ni namba ya kawaida, ni idadi ya siku zinazohesabiwa kuanzia 1 Januari 1900. Tarehe 9 Oktoba 2025 ni 45,939. Hiyo ndiyo namba ambayo IF inapelekewa, na kwa kuwa inazidi 75, ni A. Mwenye 2/10 naye ni A.

Ukigundua ukafuta na kuandika 9 tupu, seli inakuonyesha tarehe ya Januari. Usiogope, 9 iko ndani salama. Seli imebaki na vazi la tarehe ililovishwa mwanzo. Irudishe kwenye mtindo wa General. Hata wanasayansi wa jeni walishindwa na tabia hii: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe. Mwalimu wa Hisabati asijione mjinga.

Kosa pacha liko kwa mhasibu wa michango ya chakula. Ameandika =IF(D2<="30/6/2025","Kwa wakati","Amechelewa") na wazazi wote wametokea kwa wakati, hata aliyelipa Septemba. Ile tarehe iliyo ndani ya alama za kunukuu ni maandishi, na namba daima ni ndogo kuliko maandishi. Aandike DATE(2025,6,30).

Dhana: 45<=C2<=64 ni sawa na tulivyofundishwa darasani

Kwenye Hisabati ni sahihi. Kwenye Excel jibu lake ni FALSE siku zote: inaanza kujibu 45<=C2, inapata TRUE au FALSE, halafu inauliza kama hiyo TRUE ni ndogo kuliko 64, na tumeshaona nani mkubwa. Tumia AND(C2>=45,C2<=64).

Dhana: uumbizaji wenye masharti (Conditional Formatting, seli kujipaka rangi kulingana na kilichomo) unaruhusu rangi tatu tu

Ilikuwa kweli mpaka Excel 2003. Toleo la 2007 liliondoa kikomo hicho, na IF za kuviringishana, IF ndani ya IF, zikatoka ngazi 7 hadi 64. Anayekufundisha hivyo alijifunza zamani.

Dhana: rangi ikikosea, Excel imeharibika

Hapa nitakaa kidogo. Unataka mstari mzima wa mwanafunzi mwenye F uwe mwekundu. Madaraja yako kwenye safu ya G. Unachagua kuanzia A2 mpaka H46, unaingia Conditional Formatting, unaandika =$G2="F". Ile alama ya dola inaibana safu: iwe ni A, B au H inayopakwa, zote zinaangalia G. Ukiiacha, seli ya A itaangalia G, ya B itaangalia H, ya C itaangalia I, na wekundu unatapakaa kama surua.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linapendeza machoni. Ukianza kuchagua kutoka A1, pamoja na vichwa vya safu, huku fomula yako inasema $G2, basi mstari wa 1 unapakwa kwa kosa la mstari wa 2, wa 2 kwa kosa la wa 3. Kila mwenye F amemwachia wekundu wake aliye juu yake. Mstari wa fomula lazima uwe ule ule wa kwanza uliouchagua.

Na ukishapata rangi zako, usitegemee kuzihesabu. COUNTIF haijui nyekundu. Hesabu kilicholeta rangi: =COUNTIF(G2:G46,"F"). Walimu wanaopaka kwa mkono kwa ndoo ya rangi wanaumia zaidi, maana alama ikisahihishwa kutoka 28 hadi 82, wekundu unabaki pale pale.

Dhana: fomula haikubali kwa sababu umeikosea

Mara nyingine ni mipangilio ya lugha. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wenye Excel ya Kifaransa wanaandika SI badala ya IF, na nukta-mkato badala ya mkato: =SI(C2>=75;"A";"B"). Wakifungua faili lako, fomula hujigeuza yenyewe. Wakiinakili kwa kuichapa kutoka WhatsApp, inagoma.

Fomula ninayoitumia sasa ni hii (ISNUMBER huuliza kama kilichomo ni namba):

=IF(AND(ISNUMBER(C2),C2>=0,C2<=100),IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F")))),"-")

Kabla sijaingiza darasa halisi, naweka mistari mitano ya majaribio: ABS, seli tupu, 4O, 9/10 na 44.67. Nne za mwanzo zitoe kistari. Ya tano itoe D, au C kama kikao kilikubali kupandisha na ROUND imewekwa. Yote yakitokea hivyo ndipo naifuta ile mistari na kwenda kuchukua madaftari ya alama.