Gemu ya shujaa aliye wakili: dhana potofu na ukweli wake

Usiku shujaa anavunja dirisha la ghala na kuondoka na daftari la hesabu chafu. Asubuhi amevaa suti, yuko mbele ya jaji, na daftari lile lile liko mkononi mwake. Jaji anauliza: limepatikana wapi? Kwangu mimi swali hilo ndilo gemu yenyewe. Wengi wanaotamani kubuni gemu ya namna hii hulikwepa kwa sababu ya mambo wanayoyaamini ambayo si kweli.

"Wazo hili halijawahi kufikiriwa." Limefikiriwa zamani. Stan Lee na Bill Everett walimleta Daredevil kwenye vitabu vya katuni mwaka 1964, wakili kipofu anayepambana na wahalifu usiku. She-Hulk, naye wakili, akafuata mwaka 1980. Daredevil alipata gemu yake kwenye mashine ya mkononi ya Game Boy Advance mwaka 2003, na gemu hiyo ni ya kuruka na kupigana. Kazi ambayo bado ina nafasi kubwa ni kumfanya mchezaji aucheze uwakili wenyewe.

"Mahakamani hapachezeki, watu wanataka ngumi." Mwaka 2001 kampuni ya Capcom ilitoa nchini Japani gemu ambayo nje ya huko inajulikana kama Ace Attorney. Unasoma maneno ya shahidi sentensi kwa sentensi, unambana kwa maswali, kisha unatoa kielelezo kinachopingana na alichosema. Hakuna ngumi hata moja, na mfululizo wake umeendelea kwa zaidi ya miaka 20. Utamu wake uko kwenye ile sekunde unapojua kwamba shahidi amejikanyaga, na yeye bado hajajua.

Ila maswali ya kumbana shahidi yana mtego wake kwa mbunifu. Katika L.A. Noire, gemu ya upelelezi ya mwaka 2011, ukichagua kumtilia mtu shaka, mpelelezi wako aliweza kulipuka na kumfokea shahidi kuliko ulivyokusudia. Mahojiano yale yalirekodiwa wakati chaguo zina majina mengine, na hilo la shaka liliitwa kulazimisha. Gemu ilipotolewa upya mwaka 2017, majina yakabadilishwa tena. Kitufe kiandikwe kile ambacho wakili atakitenda: "mbembeleze", "mkumbushe kiapo", "msomee maelezo aliyoyatoa polisi". Mchezaji akishangazwa na mdomo wa mhusika wake mwenyewe, imani yake kwa gemu imeshavunjika.

"Weka mapigano usiku, kesi mchana, basi umemaliza." Hapa ndipo ninapoona mawazo mengi mazuri yakifia. Vipande viwili vikiunganishwa na ratiba tu, kila mchezaji atapenda kimoja na kukivumilia kingine. Gemu ya Spider-Man ya mwaka 2018 ina chaguo la kuruka mafumbo ya maabara, na ukiyaruka hadithi haipungui kitu. Kwa gemu ile ni sawa, kwa sababu moyo wake uko kwenye kuruka juu ya majengo. Kwa shujaa wakili, kesi inayoweza kurukwa haina kazi humo.

Usiku lazima uache deni, na mchana ulilipe. Chukua mlinzi wa ghala. Unaweza kumpita kimyakimya, ambako ni kugumu, au ukamwangusha kwa pigo moja. Ukimwangusha, siku mbili baadaye anaingia kizimbani kama shahidi, mkono ukiwa kwenye plasta. Baraza la wazee wa mahakama linamtazama. Huwezi kumbana kwa nguvu bila kuonekana katili, na wewe ndiye uliyemvunja. Hakuna maandishi kwenye skrini yanayokukaripia, plasta inatosha.

"Ushahidi ulioibwa na shujaa hutupwa moja kwa moja." Hii ndiyo dhana ninayoipigania zaidi, kwa sababu ukweli wake ni hazina kwa mbunifu. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo kwanza amua gemu yako inatokea wapi. Tuseme ni Marekani. Kesi ya Mapp dhidi ya Ohio ya mwaka 1961 ilizifunga mahakama zote za majimbo zisipokee ushahidi uliotokana na upekuzi haramu wa polisi. Lakini tangu kesi ya Burdeau dhidi ya McDowell ya mwaka 1921, kinga ya Katiba dhidi ya upekuzi haramu inaibana serikali, haimbani mtu binafsi. Shujaa aliyefunika uso na kutenda kwa hiari yake anaweza kuiba daftari, na katazo hilo lisiliguse.

Sasa mpe rafiki polisi. Inspekta anamwomba aingie ghalani, au wanapanga pamoja. Hapo shujaa anaweza kuhesabiwa kuwa mkono wa serikali, na daftari likakataliwa. Katika gemu nyingi urafiki na polisi ni zawadi tupu. Hapa una gharama, na gharama hiyo inatoka kwenye sheria yenyewe.

Bado kuna swali la jaji. Kielelezo huhitaji mtu wa kueleza kilikotoka, na mshtakiwa wa jinai ana haki ya kukabiliana na mashahidi wanaomshuhudia. Barakoa haiendi vizuri na haki hiyo. Hata Uingereza, mahakama ya juu kabisa iliwakataa mashahidi wasiojulikana katika kesi ya Davis mwaka 2008, na Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka huo huo ili kuruhusu jambo hilo kwa masharti. Basi wakili asimame mwenyewe aeleze? Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani humzuia wakili kutetea katika kesi ambayo yeye ni shahidi wa lazima, isipokuwa katika hali chache.

Kwa hiyo mtu pekee anayejua ukweli wote hawezi kuusema. Inabidi umtafute karani aliyeandika daftari lile na kumshawishi azungumze. Hiyo ni misheni, tena nzuri kuliko kumkimbiza mhalifu juu ya paa.

"Wateja wake wote lazima wawe hawana hatia." Kazi ya utetezi ni kuulazimisha upande wa mashtaka uthibitishe kesi pasipo kuacha shaka ya msingi. Tena kesi nyingi hazifiki huko: mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, zilitokana na kukiri kosa. Chumba kidogo cha mapatano na upande wa mashtaka, mteja anayetetemeka na saa ya ukutani ni uwanja wa mchezo kamili.

"Neno 'superhero' lenyewe lina mwenyewe." Marvel na DC, kampuni za vitabu vya katuni, walimiliki kwa pamoja alama ya biashara ya "Super Hero" nchini Marekani, lakini usajili huo ulifutwa mwezi Septemba 2024. Wahusika wao bado ni mali yao, buni wako.

Nilijaribu sheria za gemu kama hii kwa kadi za karatasi kabla ya kuandika msimbo wowote. Mchezaji wangu wa kwanza alikuwa na kadi ya daftari, na shahidi mbele yake alikuwa akidanganya waziwazi. Aliiinua, akaangalia upande wa jaji, akaiangalia tena kadi. Kisha akairudisha chini kifudifudi, akauliza kama karani bado anaishi ile nyumba ya mtaa wa pili.