Mkono Uliochelewa Kwenye Skrini

Wanafunzi wa habari wanaotutembelea studio huvutiwa kwanza na taa na meza ya mtangazaji, jambo ambalo siwalaumu, kwa kuwa ndivyo vitu walivyozoea kuviona wakiwa nyumbani. Wiki iliyopita, hata hivyo, mmoja wao alisimama mbele ya kamera, akapunga mkono, akageukia skrini ya pembeni, kisha akauliza kwa nini mkono wake ulikuwa ukichelewa kumfuata. Kwa fundi sauti kama mimi, hakuna swali tamu kuliko hilo.

Picha ya televisheni ni mfululizo wa fremu, yaani picha moja moja zisizosogea, na katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde kila fremu hudumu milisekunde 40. Mitambo mingi ya kidijitali inayoipokea picha hiyo huishikilia fremu moja au zaidi kabla ya kuipitisha, na skrini yenyewe nayo huchukua muda wake. Mandhari ya nyuma yakiwa yanachorwa na kompyuta, fremu kadhaa huongezeka. Sauti haina mzigo huo: hupita kwenye meza yangu ya kuchanganyia sauti kwa milisekunde chache tu, kwa hiyo nisipoizuia, mtazamaji ataisikia kabla ya kuuona mdomo ukifunguka. Sehemu ya kazi yangu, basi, ni kuichelewesha sauti kwa makusudi.

EBU, umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, unapendekeza kwamba sauti isiitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40, wala isichelewe kwa zaidi ya 60. Viwango hivyo havilingani kwa sababu ya maumbile: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo mlio wa mtu anayepiga makofi umbali wa mita 10 humfikia msikilizaji kwa kuchelewa karibu milisekunde 30, na ubongo umelizoea hilo tangu utotoni. Sauti inayotangulia haipo katika maumbile, ndiyo maana humkera mtazamaji hata asipojua kinachomkera.

Katika chumba cha uongozaji nilimwonyesha mwanafunzi huyo namna tunavyopima. Mwenzetu alipiga makofi mbele ya kamera, nami nikasogeza ucheleweshaji kidogo kidogo mpaka mlio ukaangukia palepale viganja vilipokutana.

Yupo mmoja tu ambaye hapaswi kuisikia sauti hiyo iliyocheleweshwa, naye ni mtangazaji. Sauti ya sikioni mwake huchukuliwa kabla haijafika kwenye kifaa cha kuchelewesha. Mgeni wangu alitaka kujua sababu, nami nikaona maelezo yasingetosha. Nilimvisha hedifoni, nikamrudishia sauti yake ikiwa imechelewa milisekunde 200, nikamwomba ajitambulishe. Alikwama kwenye jina lake mwenyewe, akacheka, akajaribu tena, akakwama palepale.