Msimu wa maembe, msimu wa viwiko

Maembe yakianza kuiva, sisi wauguzi wa wodi ya mifupa huwa tunajua mapema kama wauzaji sokoni. Analetwa mtoto wa miaka sita, kesho yake wa miaka mitano, mkono umefungwa kwa kanga, kiwiko kimevimba. Simuulizi tena mama ilikuwaje. Nauliza mti ulikuwa mrefu kiasi gani.

Mtoto anapoanguka hutanguliza kiganja. Kishindo hupanda mkono mzima, kiwiko hupinduka kinyumenyume, na mfupa wa juu hukatikia pale ulipo mwembamba, juu kidogo ya kiwiko. Mpaka hapo ni mfupa tu, na mfupa wa mtoto huunga haraka. Shida ni kwamba mbele ya sehemu hiyo hiyo hupita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kiganjani, pamoja na neva, yaani mishipa ya fahamu. Ncha ya mfupa ikisogea mbele huvichoma au hubana. Ndiyo maana daktari anaangalia eksirei, lakini mimi naangalia vidole.

Kwa mtoto mdogo upimaji wangu ni mchezo. Nionyeshe dole gumba juu, kama bodaboda anayesema poa. Haya, tanua vidole vyote. Sasa nitengenezee duara kwa dole gumba na kidole cha shahada, unichungulie. Kila kitendo kina neva yake. Duara ndilo hushindikana mara nyingi: ncha za vidole hazikunjiki, kwa hiyo badala ya duara anafinya vidole bapa. Neva imechubuka, na nyingi hurudi zenyewe ndani ya wiki au miezi. Kisha nabonyeza kucha iwe nyeupe, naachia, nahesabu: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili hivi, nikilinganisha na mkono usioumia. Yote naandika kwenye faili kabla ya upasuaji. Usipoandika, vidole vikigoma baadaye hakuna atakayejua kosa ni la mwembe au la chumba cha upasuaji.

Nilivyojifunza kuvichukulia vidole hivi kwa uzito ni habari ya aibu. Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku, hospitali sitaitaja. Mtoto alifungwa hogo mchana, yaani plasta ngumu, zima la kuzunguka mkono. Saa mbili usiku analia, nikampa panadol. Saa tano analia, nikampa dawa nyingine, nikamwambia mama yake labda ameshtuka na mazingira. Mama akaniambia, "Sista, huyu si mtoto wa kulialia." Saa nane nikagusa vidole vikiwa vya moto, mapigo kwenye kifundo cha mkono yapo, nikaridhika. Hogo lilipasuliwa alfajiri. Mkono ule haukupona sawasawa, vidole vilibaki vimejikunja.

Mapigo yale ndiyo yaliyonidanganya. Misuli ya mkono imefungwa ndani ya tando ngumu zisizotanuka, chini ya ngozi, kama nyama iliyojazwa kwenye mfuko. Ikivimba, na juu yake kuna hogo, shinikizo hupanda mpaka damu haiingii kwenye vimishipa vidogo vya msuli, huku mshipa mkubwa bado unadunda. Msuli ukikaa bila damu kwa takribani saa sita, sehemu yake hufa, na uliokufa husinyaa na kuvuta vidole. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza ulemavu huu mwaka 1881, na bado tunaukuta. Mapigo yakipotea umeshachelewa. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi dawa, na mtoto anayepiga ukelele unapomnyoosha vidole taratibu.

Siku hizi sisubiri. Namwita daktari, usiku au mchana, na hogo linapasuliwa urefu wote. Pamba na bendeji za chini nazo zikatwe mpaka ngozi ionekane, maana bendeji iliyokaukia damu hubana vilevile. Mkono nauweka usawa wa moyo. Kuuning'iniza juu kunasaidia uvimbe wa kawaida, lakini katika hali hii kunaipunguzia misuli damu kidogo iliyobaki. Haya yasipotosha, daktari hufungua tando zile kwa kisu, na haliwi jambo la kusubiri asubuhi.

Wapo wanaopitia kwanza kwa mwunga mifupa wa mtaani, wakafungwa vijiti vya mianzi kwa nguvu. Siwagombezi. Mama aliyegombezwa leo, mtoto mwingine akianguka atakuja wiki ya pili, vidole vimeshakuwa vyeusi. Ninachomwomba ni kimoja: akiona vidole vya baridi, vya ganzi au vimebadilika rangi, afungue kwanza, aje kwetu njiani akilaumu.

Vyuma vyembamba vinavyoshikilia mfupa hutolewa baada ya wiki tatu au nne. Hapo kiwiko huwa kigumu, hakinyooki, na ndipo bibi anapotokea na maji ya moto na mafuta, tayari kukanda na kuvuta. Huyu namwendea kwa adabu. Shikamoo bibi, naomba mkono huu usivutwe. Kiwiko cha mtoto kikilazimishwa huvimba upya, na wakati mwingine mfupa huota ndani ya msuli, ugumu ukawa wa kudumu. Kikiachwa hunyooka chenyewe, polepole, kwa miezi.

Bibi mmoja hakuridhika, akaniuliza sasa yeye kazi yake ni ipi. Nikamwambia ampe mjukuu vikombe asuuze, kila siku, kwa mkono ule ule.