Boris Karloff hakuwa Mrusi

Jina lenyewe ndilo linalopotosha. Ukilisikia, unadhani huyu mwigizaji aliyecheza zimwi katika filamu ya "Frankenstein" (1931) alitokea Urusi. La hasha! Ni Mwingereza wa London, aliyezaliwa 1887 akaitwa William Henry Pratt; Karloff ni jina la jukwaani tu.

Wengine hudhani umaarufu ulimdondokea ujanani. Wapi! Alihamia Kanada 1909, akafanya vibarua vya kila aina, akazunguka na vikundi vya maigizo, kisha akacheza vijisehemu katika makumi ya filamu za Hollywood. Alipopata nafasi ya zimwi alikuwa na miaka 43. Hata hapo, orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu iliweka alama ya kuuliza badala ya jina lake!

Na hasira za zimwi zilibaki kwenye skrini. Nje yake alikuwa mpole, tena mtetezi wa wenzake: saa nyingi za kupakwa vipodozi na kubeba mavazi mazito zilimchosha, na 1933 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu Marekani. Alifariki Uingereza, 1969.